Jinsi ya kuchonga sindano ya aloi ya nikeli na kuisoma kwa leza

Ndege zinazopaa KIA kila siku zina mapanga ya tabaini ya aloi ya nikeli, yanayovumilia joto ambalo chuma cha kawaida kingelegea. Uimara wake unatokana na michemraba midogo mno ya nikeli na alumini iliyojipanga ndani ya aloi. Ili kuipima, tunachonga kipande cha aloi kiwe sindano, kisha tunang'oa atomi moja moja kwenye ncha yake. Sindano nachonga hapa Arusha; mashine ya leza ya kuzing'oa (kwa Kiingereza atom probe) iko Ujerumani. Naelewana na mwendeshaji kwa simu, data nasoma mwenyewe.

1. Kata kijiti cha nusu milimita kwa nusu milimita, urefu sentimita 2. Msumeno wa almasi, mwendo wa polepole, maji yakitiririka.

2. Hapa usikimbilie. Tia asidi ya pakloriki kidogo kidogo ndani ya asidi ya asetiki mpaka ifike asilimia 10, chombo kikiwa kwenye barafu. Mchanganyiko huu ukipata joto au ukikauka unaweza kulipuka, kwa hiyo usifanye ukiwa peke yako. Unga kijiti kwenye chanya, volti 15 hivi, ukichovye na kukitoa mpaka kiwe chembamba kama mwiba wa mgunga. Umeme ukikatika kitoe papo hapo na kukisuuza, maana asidi bila mkondo hula uso ovyo badala ya kuulainisha. Niliharibu sindano tatu hivyo kwa siku moja.

3. Malizia chini ya darubini kwa pakloriki asilimia 2 ndani ya butoksietanoli, tone moja likining'inia kwenye kitanzi cha waya wa platini. Pitisha ncha ndani ya tone, gusa swichi kwa nukta moja, tazama, rudia. Nusu kipenyo kinachotakiwa ni nanomita 50 hivi, hakionekani kwa darubini ya mwanga. Ukiona ncha inafifia pasipo ukingo, umekaribia. Thibitisha kwa darubini ya elektroni.

4. Mashineni sindano hupozwa mpaka kelvini 50 hivi, ndani ya ombwe kali, ikipewa kilovolti kadhaa. Mpigo wa leza huongeza joto kidogo na ioni, yaani atomi yenye chaji, huruka. Muda wa safari yake hutupa uzito wake ukigawanywa kwa chaji, na huo ndio unaotaja ni elementi gani; kwenye grafu kila aina ya ioni huonekana kama kilele. Anza na leza ya pikojuli 40 kwa mpigo. Vilele vikianza kuburuta mkia mrefu upande wa uzito mkubwa, sindano inachelewa kupoa: punguza leza. Lenga ioni 1 kwa kila mipigo 200.

5. Sasa kilele cha 27, kinachodanganya wengi. Alumini yenye chaji moja inakaa hapo, lakini kromiamu 54 (kromiamu yenye uzito wa 54) yenye chaji mbili nayo inaangukia hapo hapo, kwa kuwa 54 kwa 2 ni 27. Chukua hesabu ya kilele cha 26, yaani kromiamu 52 yenye chaji mbili, zidisha kwa 0.028, ambao ni uwiano wa asili wa kromiamu 54 kwa kromiamu 52, kisha toa jibu kwenye 27. Fanya hivyo kando kwa ndani ya michemraba na kando kwa nje yake, kwa kuwa kromiamu nyingi hukaa nje, ambako alumini ni chache na kosa dogo huonekana kubwa.