Kuomba leseni ya mtaalamu wa fizikia tiba: anza na daftari, fomu baadaye

Shahada ya fizikia, hata ya uzamivu, haimpi mtu ruhusa ya kutia saini kwamba mashine ya mionzi inampa mgonjwa dozi sahihi. Ruhusa hiyo ni leseni, na anayeitoa hutaka kuona ulichokifanya hospitalini kuliko ulichokisoma darasani.

Kwanza, ulizia unachotakiwa kuwa nacho mahali unapotaka kufanya kazi: leseni, usajili au ithibati ya bodi ya taaluma. Watu huvichanganya. Marekani, kwa mfano, majimbo yanayotoa leseni ya fani hii ni manne tu: Texas, New York, Florida na Hawaii. Uingereza unaingia kwenye rejesta ya wanasayansi wa tiba iliyo chini ya HCPC, baraza linalosajili wataalamu wa afya.

Pili, chagua tawi: tiba ya mionzi, picha za uchunguzi au tiba ya nyuklia, yaani ile inayotumia dawa zenye mionzi. Texas na New York wanalo pia tawi la kinga ya mionzi hospitalini. Leseni ya picha haikuruhusu kupanga tiba ya saratani, na anayeomba matawi mawili huleta ushahidi wa yote mawili.

Sasa ushahidi wenyewe. Mwongozo wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki (IAEA) wa mwaka 2013 unataka masomo ya uzamili, kisha mafunzo ya vitendo yasiyopungua miaka miwili chini ya msimamizi aliyehitimu. Miaka hiyo huthibitishwa kwa daftari la kazi. Andika tarehe, mashine, kazi, na kama uliifanya kwa mkono wako au ulitazama tu. “Nilishiriki kupima dozi” ni sentensi inayozaa maswali. Andika ulipima nini, kwa kifaa gani, ukapata ngapi. Saini ya msimamizi ichukue kila mwezi. Wasimamizi huhama na kustaafu, na kumtafuta mtu baada ya miaka mitatu akumbuke ulichofanya Jumanne fulani ni kazi ya bure.

Mtihani hutofautiana. Ule wa Bodi ya Radiolojia ya Marekani (ABR) una sehemu tatu, mbili za kuandika na ya mwisho ya mdomo. Hiyo ya mdomo ndiyo huwatoa watu jasho, maana kukariri hakusaidii. Jizoeze kujibu maswali ya namna hii: kipimo cha asubuhi cha dozi ya mashine ya tiba kimepanda kwa asilimia 4, ilhali kikomo kilichozoeleka cha ukaguzi wa kila siku ni asilimia 3, na wagonjwa wameshapanga foleni. Unafanya nini, na unampigia nani simu?

Fomu yenyewe ni nyepesi. Angalia jina lako lifanane kwenye vyeti vyote. Likitofautiana, ambatisha hati ya kiapo. Mamlaka nyingi hutaka nakala rasmi ya matokeo itoke chuoni moja kwa moja, kwa hiyo iombe chuoni kabla hujalipa ada.

Ukingoja jibu, usitie saini peke yako. Uliza kama kuna kibali cha muda cha kufanya kazi chini ya mwenye leseni. New York wanacho. Ukishaipata leseni, anza siku hiyo hiyo kutunza vyeti vya mafunzo endelevu, kwani utaulizwa wakati wa kuihuisha.