Jinsi ya Kumtambua Kurumbiza Mwenye Kichwa Chekundu

Anayetaka kumjua kurumbiza huyu, ambaye wanasayansi humwita Cossypha natalensis, asianze na wimbo wake, ingawa ni wimbo huo unaowavuta watu msituni. Ndege huyu ni mwigaji hodari: ndani ya dakika chache anaweza kutoa ukelele wa furukombe ambaye hayupo, akachanganya na milio ya majirani zake wa kichakani, na hata akapiga mluzi kama wa binadamu. Sauti iliyo yake hasa, na inayofaa kushikwa kwanza, ni mlio mpole wa sauti mbili, moja ya juu na moja ya chini, unaorudiwa kwa muda mrefu kama bembea inayokwenda na kurudi.

Ukiusikia mlio huo, simama. Ukiufuata ndani ya kichaka utamfukuza, kwa kuwa ni ndege mwenye haya anayependa kivuli kizito. Egemea mti mahali unapoweza kuona ardhi yenye majani makavu, alfajiri au jua linapotua, kisha ngoja bila kusogea. Atashuka mwenyewe, aruke hatua mbili tatu, atulie kabisa, kisha apindue jani kwa mdomo na kumnyakua mdudu aliyekuwa chini yake. Pale msafara wa siafu unapopita ngojea pembeni kwa subira zaidi, maana kurumbiza huja kuwadaka wadudu wanaowakimbia siafu hao. Matunda madogo ya porini pia hula.

Sasa tumia macho. Ana urefu wa takriban sentimita 17. Uso, koo, kifua na tumbo vina rangi ya chungwa iliyokolea, na katikati ya uso huo jicho jeusi huonekana kubwa kupita kiasi. Mabawa ni ya kijivu chenye ubuluu, na mkia ni mwekundu kama kutu, isipokuwa manyoya ya katikati ambayo ni meusi. Hana ushi mweupe, na kwangu hiyo ndiyo alama ya kuaminika kuliko zote, kwa sababu nduguye anayezoea bustani, Cossypha heuglini, ana kichwa cheusi chenye mstari mweupe dhahiri juu ya jicho. Kinda lina madoadoa mwilini na huwapotosha wengi, litazame mkia.

Katika misitu ya pwani ya Kenya, kama Arabuko-Sokoke, mtafute hasa majira ya kusi, kwa kuwa wengi wao hufika kutoka kusini baada ya kuzaliana. Huko kusini hujenga tago ndani ya kisiki chenye shimo au kwenye ukingo wa udongo, na jike hutaga kwa kawaida mayai matatu. Ukilikuta tago, rudi nyuma taratibu kwa njia ile ile uliyojia, wala usimchezee sauti zilizorekodiwa ili ajitokeze, kwani ataacha kulisha makinda yake aje kumtafuta mpinzani asiyekuwepo.