Kupanga amri ya SQL kwa format() ndani ya PostgreSQL

Juzi kijana ninayefanya naye kazi aliniletea fanksheni yake ya kuhesabu wateja. Ilifanya kazi vizuri mpaka akatafuta Ng'wandu. Alikuwa ameunganisha vipande vya amri ya SQL kwa ||, basi ritifaa (') ya lile jina ikafunga maandishi katikati na amri ikaharibika. Tuliiandika upya pamoja.

1. Achana na ||. Tumia format(), fanksheni inayopachika vitu kwenye alama kama %L ndani ya maandishi; ipo tangu toleo la 9.1. Sioni sababu ya kuunganisha kwa mkono.

2. Thamani ipe %L, jina la kolamu lipe %I. Kwa %L, jina linatoka 'Ng''wandu', salama. Alama ya %s haikingi chochote. Huingiza maandishi kama yalivyo.

3. Jina la jedwali. Mimi hapa niliwahi kupoteza mchana mzima. Ukiipa %I maandishi mauzo.wateja (jedwali wateja ndani ya skima mauzo, yaani kundi la majedwali), inayafunga yote kuwa "mauzo.wateja", yaani jedwali moja lenye nukta ndani ya jina lake. PostgreSQL inajibu kwamba halipo, nawe unaliona pale kwenye skima. Herufi kubwa nazo ni hivyo hivyo: jedwali uliloliunda kama Wateja bila alama za nukuu lilihifadhiwa kama wateja, lakini %I itatafuta "Wateja". Unaweza kuandika %I.%I na kuleta skima peke yake, ila mimi napendelea kigezo kiwe regclass, aina ya data inayotaja jedwali. Hukagua palepale kama jedwali lipo, na likigeuzwa maandishi linakuja limeshawekewa nukuu panapohitajika. Ndiyo maana hapo, na hapo tu, naruhusu %s. Usimpe mtu kigezo cha text kisha ukaweka %s. Umemfungulia mlango aandike amri yake.

```
CREATE FUNCTION hesabu(jedwali regclass, kolamu text, thamani text)
RETURNS bigint LANGUAGE plpgsql AS $$
DECLARE
  amri text;
  jibu bigint;
BEGIN
  amri := format(
    'SELECT count(*) FROM %s WHERE %I IS NOT DISTINCT FROM %L',
    jedwali, kolamu, thamani);
  RAISE NOTICE '%', amri;
  EXECUTE amri INTO jibu;
  RETURN jibu;
END $$;
```

4. Thamani ikiwa NULL, yaani haipo, %L huandika NULL bila nukuu. Ungetumia =, ungepata sifuri hata kama wapo wateja wasio na jina. Ndiyo sababu ya IS NOT DISTINCT FROM.

5. Jaribu, ukiisoma amri inayochapwa na RAISE NOTICE:

```
SELECT hesabu('mauzo.wateja', 'jina', 'Ng''wandu');
SELECT hesabu('mauzo.wateja', 'jina', NULL);
```

Zote mbili zikijibu ipasavyo, futa mstari wa RAISE NOTICE.