Kuwasha mashine ya kamba iliyolala kusi nzima

Kusi, msimu wa upepo wa kusini, likianza kulegea, simu hazinipumzishi: "Ami, mashine haiwaki, mkono umeniuma." Wengi ni vijana wa Tumbe na Wete, Pemba, wenye mashine kongwe za boti za stroki mbili, za nguvu ya farasi 15 au 40, zisizo na betri. Huvutwa kwa kamba, basi. Nikienda kuzitazama, mara nyingi nakuta mashine ni nzima na kilichoizuia kuwaka ni petroli, ama mbovu ama nyingi kupita kiasi.

1. Mafuta. Yaliyokaa tangini yote mwaga. Usiyachanganye na mapya kwa kuona uchungu. Chini ya kabureta kuna skrubu ndogo, ilegeze utoe na yaliyobaki humo. Kisha changanya mapya: oili sehemu moja kwa petroli 50, yaani mililita 400 kwa dumu la lita 20, ila kama kitabu cha mashine yako kinasema vingine. Oili iwe ya mashine za boti za stroki mbili, yenye alama ya TC-W3, si ya gari. Petroli iliyokwisha kuchanganywa na muuzaji mimi siinunui hata kwa bei ya chini, maana rangi haikwambii oili imetiwa kiasi gani.

2. Maji. Boti ikiwa juu, mguu wa mashine uingie ndani ya pipa la maji, na maji yapite usawa wa pampu. Ikizunguka kavu, mpira wa pampu huungua upesi sana.

3. Kuvuta. Fungua hewa ya kifuniko cha tangi, minya kipira kilicho kwenye bomba la mafuta mpaka kiwe kigumu, gia iwe katikati, klipu ya usalama (ile ikichomolewa mashine huzima) iwe mahali pake, vuta choki. Vuta kamba polepole mpaka ushike uzito, ndipo uvute kwa nguvu. Irudishe kwa mkono, usiiachie ikajipiga.

4. Ikikataa. Hapa ndipo watu wanapopoteza asubuhi nzima.

Ukishavuta mara nne au tano kwa choki bila hata kukohoa, acha. Kila mvuto wa choki unaongeza petroli ndani, na ukiendelea, plagi zinaloa hata cheche haipiti. Fungua plagi uzitazame kabla ya kufanya lolote.

Zikiwa mbichi na zinanuka petroli, mashine imelewa, yaani imejaa petroli. Rudisha choki, chomoa bomba la mafuta kwenye mashine, toa na klipu ya usalama ili moto wa plagi ukatike. Vichwa vya waya za plagi vigusishe kwenye chuma cha mashine, mbali na matundu. Usipuuze hili: ukivuta, petroli itaruka kupitia matundu yale, na cheche moja inatosha kuleta moto. Tena waya zikiachwa zikining'inia, koili inaweza kuharibika. Sasa fungua resi kadiri itakavyokubali (nyingine haziruhusu resi yote gia ikiwa katikati, usilazimishe) na uvute kama mara kumi. Futa plagi kwa kitambaa kikavu, zianike. Kuna wanaozichoma juu ya jiko. Mimi sipendi, kauri hupasuka ufa usiouona, halafu unamlaumu fundi. Subiri kidogo, rudisha kila kitu, minya kipira, ujaribu bila choki, resi kidogo tu.

Plagi zikiwa kavu baada ya kuvuta kote huko, shida ni kinyume chake: mafuta hayafiki. Tazama kama mshale wa kipira unaelekea mashineni, kama hewa ya tangi imefunguliwa kweli, na kama kiungio cha bomba hakinyonyi hewa.

Na yule atakayekuja na kikopo cha petroli akamimine kwenye mdomo wa kabureta, mwambie akae mbali. Petroli tupu huosha oili kwenye pistoni, na mashine ikirudisha moto, kikopo kimo mkononi mwake.

5. Ikiwaka. Punguza choki taratibu na utazame kama inakojoa. Maji ya kupoza yasipotoka upesi kwenye tundu lake, zima. Mara nyingi tundu limezibwa na chumvi au udongo wa nyigu, lichokoe kwa waya mwembamba. Iendeshe pipani kwanza siku mbili tatu. Usiende kuijaribia kwenye mkondo wa kisiwa cha Misali.

6. Kamba ya kuwashia ikikatika baharini. Ondoa kifuniko chenye kamba hiyo juu ya mashine, piga fundo kwenye kamba ya akiba, fundo likae kwenye pengo la gurudumu la juu, zungusha kwa upande ule ule mashine inaozungukia, uvute. Asikae mtu nyuma yako, kwa sababu kamba hutoka kwa kasi. Mikono ya kanzu ipandishe, ncha za kikoi zichomeke. Ikishawaka, usijaribu kurudisha kifuniko wala usiinamie gurudumu, rudi nalo wazi hivyo hivyo hadi pwani.