Jinsi ya kumtambua koa wa baharini bila kumpa jina la bahari nyingine

Mtu anayetembea mwambani Chwaka (Unguja) au Wasini (Kenya) wakati wa bamvua, maji yakiwa yamekupwa hadi mbali, anaweza kumkuta kwenye kidimbwi koa mdogo mwenye rangi za kupendeza kuliko kitu chochote kilicho karibu naye. Akipiga picha na kuitafutia jina mtandaoni, mara nyingi ataletewa koa wa Ufilipino au wa Australia, kwa kuwa huko ndiko zilikotoka picha nyingi zilizomo vitabuni. Jina hilo huenda likawa sahihi, kwani spishi nyingi zimeenea kutoka pwani yetu hadi Pasifiki, lakini huenda pia likawa la ndugu yake anayefanana naye na asiyewahi kufika huku. Maelekezo haya yanakusudia kumsaidia mtazamaji wa Afrika Mashariki kuepuka kosa hilo.

Anza na umbo, na rangi uziache kwanza. Tazama mgongoni kuelekea nyuma: ikiwa kuna matamvua yaliyojipanga duara kama ua dogo, unaye koa wa kundi la doridi. Ikiwa mgongo umejaa vijinyama virefu kama vidole, huyo ni wa kundi la eolidi. Ikiwa huoni matamvua wala vipapasio viwili vilivyosimama juu ya kichwa, na mwili ni mwembamba kama jani, fikiria kwamba huenda ni mnyoo bapa, maana baadhi ya minyoo hiyo huiga rangi za makoa wenye sumu kiasi cha kumdanganya hata mtazamaji mzoefu.

Kundi likishajulikana, rangi sasa zina kazi, ila zisomwe kwa utaratibu. Kwa doridi wenye joho (ngozi pana inayofunika mgongo) la rangi nyingi, anza ukingoni kabisa, uingie ndani kuelekea mgongoni, ukiandika kila mstari kwa zamu yake: rangi gani ya kwanza, upana wake, rangi gani inafuata. Goniobranchus geminus wa Bahari ya Hindi na Goniobranchus kuniei wa Pasifiki ya Magharibi wote wana madoa ya zambarau, na wote hupandisha na kushusha joho wanapotambaa. Anayetazama madoa peke yake atawachanganya, ilhali mpangilio wa mistari ya ukingo ndio unaosaidia kuwatenganisha. Hata hivyo, rangi si hakimu wa mwisho. Utafiti wa vinasaba wa jenasi (kundi la spishi zenye undugu wa karibu) iitwayo Chromodoris uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba spishi moja inaweza kuwa na mavazi zaidi ya moja, na kwamba spishi tofauti zinazoishi mahali pamoja zinaweza kufanana.

Usisahau tumbo, kwani wengi hulipuuza. Phyllidia varicosa, koa mweusi mwenye matuta ya buluu na nundu za njano, hana duara la matamvua mgongoni, kwa kuwa matamvua yake yamejificha chini, kati ya joho na wayo, yaani sehemu ya chini anayotambalia. Katikati ya wayo wake unapita mstari mweusi ambao Phyllidia coelestis, anayefanana naye sana kwa juu, hana. Ili kuuona bila kumgeuza kwa nguvu, mtie kwa muda mfupi katika chupa ya kioo yenye maji ya bahari, umngoje apande ukutani, kisha umpige picha kutoka nje ya kioo. Asiwekwe chombo kimoja na samaki, kwa sababu utelezi wake una sumu inayoweza kuwaua. Na ukimaliza, mrudishe palepale ulipomtoa.

Mahali ulipompata ni ushahidi mzito, lakini si uthibitisho. Pteraeolidia ianthina, koa wa kundi la eolidi, alielezwa kisayansi kwa mara ya kwanza mwaka 1864 kutoka Sydney, na kwa muda mrefu jina lake lilitumika kotekote. Utafiti wa mwaka 2015 ulilirudisha kwa wale wa maji baridi ya kusini-mashariki mwa Australia, na wa tropiki wakaitwa Pteraeolidia semperi. Picha ya huku iliyoandikwa ianthina inafaa kusahihishwa. Kinyume chake ni Goniobranchus annulatus, mweupe mwenye madoa ya manjano na pete mbili za zambarau, moja ikizunguka vipapasio na nyingine matamvua. Charles Eliot, mwanadiplomasia Mwingereza aliyechunguza makoa wa baharini, alimweleza mwaka 1904 kutoka Afrika Mashariki, lakini leo anapatikana pia mashariki mwa Mediterania, bahari iliyounganishwa na Bahari ya Shamu kwa Mfereji wa Suez uliofunguliwa mwaka 1869. Anayesema “huyu si wa bahari hii” hana budi kuuliza kwanza kama kuna njia ya kufika.

Unaposoma maandishi ya zamani, utamkuta koa huyo huyo akiitwa Chromodoris annulata. Jenasi hiyo ilipangwa upya mwaka 2012, kwa hiyo tafuta jina la spishi pamoja na mwaka wa maelezo ya kwanza, usitegemee jina la jenasi. Kumbuka pia kwamba vielelezo vilivyohifadhiwa katika spiriti hupoteza rangi, na ndiyo maana maelezo ya zamani mara nyingi hayatoshi kumlinganisha na koa aliye hai mbele yako.

Kwa kila koa, piga picha ya juu, ya ubavu, ya kichwa kwa karibu na ya matamvua, ukiweka rula pembeni. Andika tarehe, mahali, kina cha maji na kitu alichokuwa juu yake, hasa kama ni sifongo, kwa sababu doridi wengi hula sifongo za aina maalumu. Kama bado huna hakika, andika jina la jenasi tu, kwa mfano “Goniobranchus, Chwaka”, kwa kuwa rekodi ya namna hiyo itamfaa mtafiti atakayekuja na darubini au kipimo cha vinasaba, wakati jina la spishi lililobahatishwa litanakiliwa na wengine, na kumwonyesha koa mahali ambapo hajawahi kuishi.