Puti usiipige msasa wa maji
Unafufua Peugeot 504 hapa Mbeya? Puti, ule udongo wa kujazia mabonde ya bati, ipige msasa mkavu tu: namba 80, kisha 180, mwisho 320. Puti hunywa maji, na yakishanaswa chini ya rangi bati huanza kutu, malengelenge yakatokea miezi baadaye, kazi nzuri yote ikaharibika. Msasa wa maji, namba 600, subiri praima (rangi ya msingi) ikauke kabisa.

Juni na Julai usipulize rangi asubuhi. Bati lililolala kwenye baridi hutoa jasho jembamba, huwezi kuliona kwa macho. Anza saa tano bati likishapata joto, ulifute kwa thina safi, thina nayo ipae yote kwanza. Puti yenyewe isizidi milimita 3. Bonde lenye kina kirefu ligonge kwa nyundo kwanza.