Umeangushwa kwa intavyuu ya polisi ama NYS (Huduma ya Vijana kwa Taifa) hapa Kenya? Hivi ndivyo unapeleka hilo sharti la intavyuu kortini

Wengi wakiangushwa kwa intavyuu ya polisi, magereza ama NYS wanarudi nyumbani na uchungu wao basi, na wale wachache wanaoenda korti wanaenda kusema "mimi nilistahili", na hapo ndio kesi inaanza kufa, manake jaji hawezi kurudia kukupima urefu wala kukuhesabu meno. Kile anaweza kupima ni sharti lenyewe na vile lilitumika.

Kwa hivyo rudi kwa tangazo kwanza. Kama lilisema cheti, mbio na daktari, alafu mkifika uwanjani ndio mnaambiwa kuna mahojiano ya mdomo na yana alama zake, hapo kuna kesi. Kama mahojiano yalitangazwa lakini hakuna karatasi ya alama, huyu anaulizwa mambo ya kazi na yule anaulizwa kwao ni wapi, pia kuna kesi. Lakini kama yaliandikwa wazi na wote mkaulizwa sawa, ukweli ni kwamba huna kesi hata kama imekuuma sana.

Siku hiyo hiyo weka tangazo, skrinshoti, namba uliyopewa, jina la kituo, na uandike kila swali uliloulizwa kabla halijakutoka kichwani. Tafuta wawili watatu mliokuwa nao kwa laini ambao watakubali kuapa. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ilifuta zoezi zima la kuajiri polisi 10,000, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo 2015, na aliyepeleka kesi ni IPOA, mamlaka huru inayosimamia mwenendo wa polisi, ambayo ilikuwa na watu wake vituoni siku ya zoezi wakiandika walichokiona. Uvumi hauwezi kufanya hivyo.

Alafu andika barua kwa tume ama kikosi kilichokuhoji. Omba sababu kwa maandishi, hiyo ni Kifungu cha 47 cha Katiba, na uombe karatasi za alama zako chini ya Kifungu cha 35 na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 ambayo inawapa siku 21 kukujibu. Peleka nakala mbili, ya kwako igongwe muhuri, tafadhali usisahau huo muhuri. Wakinyamaza bado imekusaidia, sababu Sheria ya Hatua za Haki za Utawala ya 2015 inaruhusu korti ichukulie uamuzi haukuwa na sababu nzuri mpaka wao waonyeshe vingine. Na kama kuna njia ya kukata rufaa ndani ya kikosi ipitie kwanza, la sivyo utarudishwa huko.

Sasa kuna mtego umenasa watu wengi. Usijenge kesi yako juu ya Sheria ya Ajira ya 2007, yenyewe inasema kifungu cha 3 kwamba haihusu jeshi, polisi, magereza wala NYS. Jenga juu ya Katiba: Kifungu cha 27 kuhusu ubaguzi, cha 47 tulichotaja, na cha 232 inayotaka utumishi wa umma uajiri kwa ushindani wa haki na kwa sifa. Kwa polisi ongeza cha 246, kinachohusu tume ya polisi. Petisheni inaenda Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, na kila kifungu ukitaje na ueleze kilivunjwa vipi, kwa tendo gani, tangu kesi ya Anarita Karimi ya 1979 majaji wanataka hivyo. Wakili akikushinda bei, jaribu Kituo cha Sheria ama huduma ya kitaifa ya msaada wa kisheria.

Pamoja na petisheni weka ombi la dharura la amri ya muda, kabla makuruta hawajaripoti kambini, manake wakishaanza mafunzo jaji anaanza kufikiria na hao vijana wengine, na wako na haki pia. Na kwa maombi ya mwisho usiandike tu "niajiriwe". Omba korti itangaze hilo sharti ni batili, uamuzi wa kukukataa ufutwe, na hiyo hatua irudiwe kwa wote walioangushwa nalo.